Utabiri wa Wiki Mkiwa: Namna ya Kuusoma na la Kufanya Kabla ya Mvua za Msimu

Kama unaishi Mkiwa, wilayani Ikungi, au unashuka hapo njia panda kungoja gari la Itigi, wiki za mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba zina maswali mengi. Shamba lisafishwe lini? Matofali mabichi yafunikwe au yaachwe? Mbegu ziende ardhini au zisubiri? Makala haya yanakueleza unapoweza kupata utabiri wa wiki bila gharama kubwa, maana ya maneno yake, na kazi ya kufanya siku kwa siku. Kanuni ya kuanza nayo ni moja: kazi inayoweza kurudiwa ipange kwa utabiri wa wiki, kazi isiyorudiwa, kama kutia ardhini mbegu pekee uliyo nayo, isubiri mpaka udongo wenyewe ulowe.

Hali ya hewa ikoje wakati huu?

Wiki ya kwanza ya Oktoba jua la mchana huwa utosini kabisa hapa kwetu, kisha linaendelea kusogea kusini. Mwisho wa mwezi linachomoza kama saa 12:15 asubuhi na kutua kama saa 12:30 jioni. Mchana joto hufika karibu nyuzi 30 na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 17. Ardhi ni kavu baada ya miezi mingi bila mvua, upepo wa kutoka mashariki na kusini mashariki una nguvu, na mchana kisulisuli huinua vumbi na majani makavu juu ya mashamba yaliyo wazi.

Asubuhi mbingu huwa safi. Kadiri ardhi inavyopata moto, hewa yenye unyevu hupanda juu, hupoa na kuwa mawingu. Ndiyo maana mvua za mwanzo hapa huja zaidi kuanzia saa 9 alasiri hadi usiku wa mapema, tena kwa radi na upepo mkali. Ukiona mbingu nyeupe saa 2 asubuhi, usiseme leo hakuna kitu. Tazama tena saa 8 mchana: mawingu yakipanda juu kama maua ya koliflawa na vitako vyake vikawa vyeusi, anua nguo na vyakula ulivyoanika.

Redio inasema mvua za vuli zimeanza. Zinatuhusu?

Hapana. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Disemba, ni za maeneo yanayopata misimu miwili kwa mwaka, kama ukanda wa Ziwa Viktoria, nyanda za juu kaskazini mashariki na pwani ya kaskazini. Singida na Dodoma tuna msimu mmoja tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, inauita mvua za msimu, nao unahesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Ndugu yako wa Mwanza akikupigia kwamba amekwisha kupanda, mpongeze, lakini usimfuate.

Sababu ni ukanda mvua, yaani mkanda wa mawingu ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Mkanda huo hulifuata jua. Mwezi Oktoba bado uko kaskazini yetu, na mara nyingi unatufikia sawasawa kati ya mwisho wa Novemba na Disemba. Mvua inayonyesha Mkiwa mwishoni mwa Oktoba kwa kawaida ni ya wingu moja moja. Inanyesha upande huu wa barabara, upande wa pili vumbi linaendelea kutimka.

Utabiri nitaupata wapi, na kwa shilingi ngapi?

Utabiri wa TMA kwa wananchi ni bure. Njia rahisi ni redio na televisheni, ambako husomwa pamoja na taarifa ya habari. Gharama yako ni betri tu. Mwenye simu ya kupangusa atatumia bando dogo kufungua tovuti ya TMA, meteo.go.tz, au kurasa zake za mitandao ya kijamii. Asiye na simu hiyo amwombe mwenye duka, mwalimu au afisa ugani wa kata amsomee. Usimlipe mtu yeyote anayedai kukuuzia utabiri wa siri.

Taarifa za aina nne zitakufaa, na kila moja ina kazi yake. Ya saa 24 ni ya kuamua shughuli za kesho. Ya siku tano ni ya kutazama kama kuna hatari inayokuja. Ya siku kumi inamsaidia mkulima na mfugaji. Kila mwezi hugawanywa mara tatu, tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, na 21 hadi mwisho. Ya msimu hutoka kabla ya Novemba na kueleza kama mvua itakuwa ya wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Kwa kupanga wiki, chukua ile ya siku kumi, kisha irekebishe kila jioni kwa ile ya saa 24.

Maneno yake yana maana gani?

Kwanza tafuta sehemu inayotuhusu. Utabiri wa saa 24 huweka mikoa kwa makundi, na sisi tumewekwa pamoja: mikoa ya Dodoma na Singida. Sehemu ya upepo wa pwani na mawimbi ya bahari ipite, ni ya wavuvi na mabaharia. Kwenye orodha ya joto tazama mji wa Singida, maana mwinuko wetu unakaribiana nao. Dodoma iko chini zaidi, na joto lake huwa juu kidogo. Tazama pia taarifa inaanza kuhesabu saa ngapi. Ikisema saa 24 kuanzia saa 3:00 usiku wa leo, basi inazungumzia usiku huu na kesho mchana.

“Mawingu kiasi na vipindi vya jua” ni siku kavu ya kawaida: anika, jenga, safiri. “Mvua na ngurumo katika maeneo machache” ndiyo sentensi inayowakasirisha watu wengi. Mkoa wa Singida una karibu kilomita za mraba 49,000, na wingu moja la radi linaweza kufunika vijiji vichache tu. Mvua ikinyesha Itigi na Mkiwa ikakosa, utabiri haukusema uongo. “Mvua kubwa” nayo ina kipimo chake: ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kwa ardhi yetu iliyokauka na kuwa ngumu, kiasi hicho kinatosha kujaza makorongo kwa muda mfupi.

Kwenye utabiri wa msimu, “wastani” ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya ile iliyozoeleka mahali hapo kwa miaka mingi. Chini ya 75 ni chini ya wastani, juu ya 125 ni juu ya wastani. Kumbuka wastani wa Singida si wa Bukoba. Sisi tunapata kama milimita 600 hadi 700 kwa mwaka mzima, kwa hiyo “mvua za wastani” kwetu bado ni mvua za kutunza.

Rangi za njano na nyekundu zinataka nifanye nini?

TMA hutoa tahadhari kwa ngazi. Njano ni angalizo: endelea na kazi, lakini sikiliza taarifa kila siku. Rangi ya machungwa ni tahadhari: jiandae, ondoa mali na mifugo bondeni, ahirisha safari isiyo ya lazima. Nyekundu ni tahadhari kubwa: chukua hatua mara moja na fuata maelekezo ya viongozi wa kijiji. Usidharau angalizo kwa sababu eti Singida ni mkoa mkavu. Tarehe 3 Disemba 2023, katika msimu wa El Niño, maji, matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh, mkoa jirani wa Manyara, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha.

Simu yangu inaandika “mvua asilimia 40”. Nifanyeje?

Maana yake ni kwamba katika siku kumi zenye hali kama hiyo, nne hunyesha na sita hazinyeshi. Haimaanishi mvua itanyesha kwa asilimia 40 ya siku, wala haisemi itakuwa kubwa au ndogo. Hakikisha kwanza mahali ulipochagua ni Mkiwa ya Singida au mji wa Singida wenyewe. Siku mbili tatu za mwanzo zitegemee zaidi. Siku ya tano hadi ya saba zichukue kama dokezo tu, kwa kuwa wingu la radi huzaliwa na kufa ndani ya saa chache na hakuna kompyuta inayolijua wiki nzima kabla. Simu ikitofautiana na TMA kuhusu hatari, fuata TMA.

Nipangeje wiki yangu?

Tuchukue wiki ya kawaida ya mwisho wa Oktoba: siku za mwanzo kavu zenye upepo, kisha dalili za mvua katika maeneo machache kuelekea mwisho wa wiki. Kama utabiri wako ni tofauti, sogeza siku, lakini mpangilio wa kazi ubaki huu.

Jumatatu, sikiliza taarifa na uzungumze na afisa ugani. Ushauri wake ni huduma ya serikali. Muulize mambo mawili: utabiri wa msimu unasemaje kwa Ikungi, na mbegu gani zinafaa.

Jumanne na Jumatano, wakati mbingu ni safi, maliza kazi za shamba kavu: kung'oa visiki, kusambaza samadi, kurekebisha matuta ya kuzuia maji. Mabua usiyachome. Ng'ombe wanayahitaji wakati huu malisho yameisha, na yakibaki juu ya ardhi yanapunguza kasi ya maji. Ukiona ni lazima uchome takataka, mwarifu kwanza mwenyekiti wa kitongoji, kata njia pana ya kuzuia moto, na usithubutu kuwasha mchana upepo unapovuma. Moto ukikushinda piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Alhamisi ni ya paa. Wenye nyumba za tembe, pandeni asubuhi kabla ya jua kali. Nyufa zilizotokea kiangazi huonekana kama mistari myembamba, na zile za karibu na ukuta ndizo zinazovuja kwanza. Chokonoa vumbi lililo ndani ya ufa, nyunyiza maji kidogo ili udongo mpya ushike, kisha jaza udongo wa mfinyanzi na ukandamize kwa kiganja mpaka uwe sawa na paa. Udongo ukiwekwa juu ya vumbi kavu hubanduka mvua ya kwanza. Gharama ni nguvu zako na ndoo mbili za maji. Wenye mabati, kagueni misumari iliyolegea, maana upepo unaotangulia mvua ya radi ndio unaong'oa mabati.

Ijumaa, linda vitu vinavyoharibika. Matofali mabichi ambayo hayajaingia tanuri yafunike kwa turubai au nyasi nene, ukiweka mawe pembeni. Magunia ya alizeti na mtama yainue juu ya mbao na yasiguse ukuta. Kama una bati, safisha mfereji wa kukinga maji. Bei za mifereji na matangi hutofautiana, ulizia maduka mawili au matatu ya Ikungi na Singida kabla ya kununua. Usipokuwa na fedha, pipa safi lenye mfuniko linatosha kuanzia.

Jumamosi na Jumapili, mvua ikitarajiwa, safiri asubuhi. Anayekwenda Itigi au Rungwa aondoke mapema ili alasiri isimkute njiani.

Kwa siku zote saba, jihadhari na jua. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri vaa kofia pana na unywe maji kabla hujasikia kiu. Wenye ualbino wanahitaji pia mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Yapo yanayotengenezwa hapa nchini katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao, na hutolewa bila malipo kupitia kliniki. Ulizia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Waendesha bodaboda, miwani ni kinga ya macho dhidi ya vumbi. Ukiona kisulisuli kinakuja barabarani, simama pembeni kipite.

Nitajuaje mvua iliyonyesha ni kiasi gani?

Tengeneza kipima mvua bila kutumia hata shilingi. Chukua kopo la bati ambalo mdomo na kitako vina upana sawa. Lifunge juu ya nguzo yenye urefu wa kama mita 1, mahali pa wazi. Kama nyumba ina kimo cha mita 3, liweke mbali nayo mita 6 au zaidi. Kila siku saa 3 asubuhi, muda uleule vituo vya hali ya hewa vinapopima, simamisha rula ndani ya kopo na usome kina cha maji kwa milimita. Andika tarehe na namba kwenye daftari, kisha mwaga maji.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita 1 ya mraba. Paa la mita 5 kwa 8 lina mita za mraba 40, hivyo mvua ya milimita 10 inaangusha lita 400 juu yake. Toa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 320, sawa na madumu 16 ya lita 20. Mvua ya kwanza kabisa ya msimu usiikinge kwa kunywa, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Hata maji ya baadaye yachemshe mpaka yatokote kabla ya kunywa.

Mvua imenyesha Jumapili. Nipande?

Hapa ndipo mbegu nyingi zinapopotelea. Mvua moja nzuri ya Oktoba huamsha mbegu, kisha jua la wiki mbili huua miche. Jiulize maswali matatu. Je, kopo lako limekusanya jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku mbili tatu? Je, ukichimba kwa jembe, udongo umelowa kufika sentimita 15, na ukiufumbata mkononi unashikana? Je, utabiri wa siku kumi unaonyesha mvua itaendelea? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, subiri. Mibuyu iliyokwisha kuchipua majani ni dalili kwamba msimu unakaribia, ila haikutajii tarehe.

Wapo wanaopanda mtama au uwele kwenye udongo mkavu ili uwahi mvua. Ukifanya hivyo, gawa mbegu mafungu mawili: panda fungu moja, weka jingine nyumbani. Mahindi hayavumilii ukame kama mtama, usiyajaribu kwa namna hiyo. Alizeti haina haraka. Wakulima wengi wa kwetu huipanda kuanzia Disemba hadi katikati ya Januari, na wiki hii ya Oktoba ni ya kutafuta mbegu iliyothibitishwa, yenye lebo na tarehe, na kudai risiti.

Radi na korongo: nijilindeje?

Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Hizo ni kilomita kati yako na radi. Sekunde tisa ni kilomita tatu, na hapo uko karibu mno. Ingia ndani ya nyumba au gari lililofungwa. Usikae chini ya mbuyu au mgunga uliosimama peke yake, na waondoe watoto wachungaji karibu na miti na nyaya za uzio. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke.

Korongo kavu linaweza kuleta maji ya mvua iliyonyesha mbali, hata kama hapo ulipo hakuna tone. Usilaze mifugo wala kuegesha gari ndani yake. Maji yakipita juu ya barabara na huoni lami au changarawe chini yake, usivuke kwa miguu, kwa pikipiki wala kwa basi. Abiria mna haki ya kumwambia dereva asubiri. Maji ya namna hiyo mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Kwa dharura piga 112, polisi, au 114. Simu hizo ni bure.

Na utabiri ukikosea?

Utakosea siku nyingine. Jilinde kwa kutoweka mali yote kwenye jibu moja: funika matofali hata kama simu inasema asilimia 20, acha fungu la mbegu nyumbani hata kama mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Kila Jumapili jioni, andika kwenye daftari lako utabiri ulisema nini na kopo lilikusanya nini, kisha sikiliza taarifa ya wiki inayofuata. Ukifikisha Aprili mpelekee afisa ugani nakala ya daftari hilo. Utakuwa na vipimo vya mvua vya shamba lako mwenyewe, na mwakani mtapanga kwa kuangalia namba hizo pamoja na utabiri wa mkoa.